Kusoma Kodi ya Pango Katika Mji Wetu: Somo kwa Mpangaji na Mwenye Nyumba

Hakuna jambo linalozungumzwa sana na kupimwa kidogo katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji kama kodi ya nyumba. Husemwa sokoni Mwanga kwamba vyumba vimepanda. Husemwa Ujiji kwamba huko bado ni nafuu. Husemwa Kibirizi kwamba mwenye fedha ya miezi sita mkononi ndiye atakayepata mlango. Kila kauli ina chembe ya ukweli, lakini hakuna inayotosha kumwongoza mwananchi anayetaka kuhamia, wala mwenye nyumba anayetaka kupanga bei ya haki.

Makala hii ni somo la namna ya kulinganisha kodi za pango kutoka kata moja hadi nyingine, na namna ya kutambua kama kweli bei imepanda au ni uvumi tu. Msingi wake ni huu: kodi haisomwi kwa kiasi cha mwezi peke yake. Husomwa pamoja na kile inachonunua, umbali inaouongeza au kuupunguza, na siku ambayo malipo yake yanadaiwa.

Mji mmoja, historia mbili

Manispaa yetu ina kata 19 na mitaa 68, na Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 232,388. Mji umekaa kati ya vilima na Ziwa Tanganyika, ukirefuka kufuata barabara na ufukwe. Kwa hiyo haukukua kama duara lenye kitovu kimoja. Una vitovu kadhaa: bandari na stesheni ya reli upande wa Kigoma, soko na maduka ya Mwanga, mwalo na gati ya Kibirizi, na mji mkongwe wa Ujiji.

Ujiji ndio uliotangulia. Ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pwani, nao ulikuwa mji wa biashara unaojulikana kabla Livingstone na Stanley hawajakutana hapo mwaka 1871. Biashara hiyo ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba pia wanadamu waliotekwa utumwani. Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, haikuishia Ujiji. Iliishia Kigoma, penye ghuba yenye kina cha kupokea meli. Ofisi, maghala na ajira vikaifuata reli, na thamani ya viwanja ikavifuata vyote hivyo.

Historia hiyo inaonekana hata leo katika nyumba zenyewe. Ujiji zipo nyumba nyingi za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na ua wa nyuma wenye jiko, choo na bafu vya pamoja. Nyumba ya namna hiyo hupangishwa chumba kimoja kimoja. Upande wa bandari na vilimani ziko nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watumishi, ambazo hupangishwa nzima. Katika maeneo mapya yaliyopimwa viwanja, wajenzi wa sasa hupenda vyumba vyenye choo ndani, ambavyo watu huviita masta, au chumba na sebule vyenye mlango wake na mita yake ya umeme.

Somo la kwanza linatoka hapo. Anayesema kwamba kodi ya Ujiji ni ndogo kuliko ya Gungu, huku akilinganisha chumba cha nyumba ya Kiswahili na masta mpya, hajalinganisha kata. Amelinganisha nyumba mbili za aina tofauti.

Linganisha vitu vinavyofanana

Kabla ya kutamka kwamba mtaa fulani ni ghali, weka mbele yako maswali haya kwa kila nyumba:

1. Ni chumba kimoja, chumba na sebule, masta, au nyumba nzima?
2. Choo na bafu ni vya ndani au vya pamoja, na vinatumiwa na kaya ngapi?
3. Je, maji ya Mamlaka ya Majisafi, KUWASA, yanafika uani, na hutoka kwa siku ngapi katika wiki?
4. Mita ya umeme ni ya mpangaji peke yake au ni ya nyumba nzima?
5. Malipo ni ya mwezi, ya miezi mitatu, ya sita au ya mwaka?
6. Wakati wa masika, maji ya mvua huelekea wapi?

Swali la sita hupuuzwa mara nyingi na wanaotafuta nyumba wakati wa kiangazi. Katubuka ni mfano mzuri: eneo hilo lina bonde ambalo maji ya mvua hukosa njia ya kutokea, na yamewahi kuzingira nyumba za watu. Ufukweni nako, kupanda kwa kina cha Ziwa Tanganyika katika miaka ya karibuni kulifunika sehemu zilizokuwa kavu kwa muda mrefu. Nyumba inayotangazwa kwa bei ya chini mwezi Agosti yafaa iulizwe habari zake za mwezi Machi. Waulize majirani, kwa sababu dalali analipwa ukikubali, si ukikaa salama. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Kodi kamili: hesabu ya nyumba mbili

Tuchukue mfano. Kiasi kilichotumika hapa ni cha kujifunzia hesabu tu, wala si bei ya kata yoyote.

Nyumba ya kwanza iko Mwanga. Kodi yake ni Sh. 80,000 kwa mwezi, maji yanafika uani, na ankara ya maji ni Sh. 8,000. Nyumba ya pili iko karibu na mwalo. Kodi yake ni Sh. 55,000, lakini maji hununuliwa: ndoo nne kwa siku, kila ndoo Sh. 100, yaani Sh. 12,000 kwa siku 30. Nauli ya kwenda au kurudi kati ya sehemu hizo mbili tuiweke Sh. 600.

Mtu wa kwanza ni muuza duka wa Mwanga, anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi. Akipanga nyumba ya Mwanga huenda dukani kwa miguu, na gharama yake ni 80,000 na 8,000, jumla Sh. 88,000. Akipanga karibu na mwalo kwa kuvutiwa na kodi ndogo, atalipa 55,000 za kodi, 12,000 za maji, na nauli ya safari 52, ambayo ni Sh. 31,200. Jumla ni Sh. 98,200. Nyumba iliyoonekana nafuu kwa Sh. 25,000 imemgharimu Sh. 10,200 zaidi kila mwezi, sawa na Sh. 122,400 kwa mwaka.

Mtu wa pili ni mchuuzi wa dagaa, ambaye kazi yake iko mwaloni kwa siku hizo hizo 26. Kwake hesabu inageuka. Karibu na mwalo atatumia Sh. 67,000, na Mwanga atatumia Sh. 119,200. Tofauti ni Sh. 52,200 kwa mwezi.

Nyumba ni zile zile na kodi ni zile zile, ila jibu limebadilika kwa sababu kazi iko mahali tofauti. Ndiyo maana swali la kama Mwanga ni ghali kuliko Kibirizi halina jibu moja. Kila kaya iandike mahali pa kazi ya kila mtu mzima, shule ya kila mtoto, na njia ya kwenda Hospitali ya Maweni au kituo cha afya kilicho karibu, kisha ihesabu nauli pamoja na kodi. Nauli hutoka kidogo kidogo, nayo kodi hutoka kwa mkupuo. Kinachotoka kwa mkupuo hutuuma, na kinachotoka kidogo kidogo hutumaliza bila kujulikana.

Kalenda ya kodi na kalenda ya ziwa

Sehemu kubwa ya kaya za ufukweni, kuanzia Kibirizi na Bangwe hadi mialo ya Ujiji, hazipati kipato kwa tarehe za mshahara. Uvuvi wa dagaa kwa taa hufanyika usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, samaki hawaifuati taa, na vyombo hupumzika. Kwa hiyo kipato cha mvuvi, mbeba mizigo, muanikaji na mama anayeuza chakula mwaloni hupanda na kushuka kwa mwezi wa angani.

Juu ya hilo kuna vipindi vya kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane na kukua. Nia ya hatua hiyo ni kulinda riziki ya kesho, lakini kodi ya pango haipumziki wakati ziwa likipumzika.

Fikiri juu ya kaya iliyolipa kodi ya miezi sita tarehe 1 Desemba. Malipo yake yanaisha Mei mwishoni, na miezi sita mingine inadaiwa tarehe 1 Juni, katikati ya kipindi cha kufungwa. Kodi hiyo inaweza kuwa ya chini kuliko zote mtaani, na bado ikawatoa watu hao nje. Kaya nyingine iliyoanza tarehe 1 Septemba italipa tena tarehe 1 Machi, kisha Septemba, muda mfupi baada ya ziwa kufunguliwa. Kiasi cha mwaka ni kile kile. Tarehe ndiyo iliyotofautiana.

Mpangaji anayetegemea ziwa na aseme jambo hili mapema, kabla ya kukabidhi fedha. Aombe kipindi cha kwanza kiwe cha miezi mitatu au minne ili malipo yanayofuata yaangukie msimu wa kipato. Mwenye nyumba naye asidhani kwamba anapewa mzigo. Mpangaji anayelipa siku ambayo fedha ipo hana haja ya kufuatwa mlangoni, na chumba chake hakikai wazi kikisubiri mtu mpya.

Kutambua kama kodi imepanda kweli

Uvumi wa kodi huzaliwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni wastani unaovutwa na nyumba moja. Chukua nyumba tano za mtaa mmoja zenye kodi ya Sh. 30,000, 35,000, 40,000, 45,000 na 300,000. Ukizijumlisha na kugawanya kwa tano, wastani ni Sh. 90,000. Lakini hakuna hata kaya moja inayolipa kiasi hicho. Ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, utapata Sh. 40,000, na hiyo ndiyo inayoeleza maisha ya mtaa. Katika mkoa wetu, ambao kwa miongo kadhaa umepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, mashirika ya misaada yamekuwa miongoni mwa wapangaji wa nyumba kubwa. Kodi inayolipwa na shirika haipasi kutumiwa kama kipimo cha chumba cha mwananchi.

Njia ya pili ni kulinganisha mpangaji wa zamani na mpangaji mpya. Aliyeingia miaka sita iliyopita huenda analipa Sh. 50,000, na jirani yake aliyeingia mwezi jana analipa Sh. 70,000. Kabla ya kusema bei imepanda, uliza kama chumba cha jirani kimewekwa vigae, dari au choo cha ndani. Kama kimewekwa, kilichobadilika ni chumba chenyewe pamoja na bei yake.

Njia ya tatu ni kusahau kwamba shilingi yenyewe inabadilika. Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mfumuko wa bei nchini ulikuwa wastani wa asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Ukiviunganisha viwango hivyo, bei kwa ujumla zilipanda kwa takribani asilimia 11.6 katika miaka hiyo mitatu. Kodi ya Sh. 50,000 ambayo ingefuata mwendo huo ingefikia karibu Sh. 55,800. Kama imefika Sh. 60,000 na chumba hakikuguswa, mpangaji anayo hoja ya kuomba maelezo. Kama imebaki Sh. 50,000, mwenye nyumba anayo hoja ya kuomba nyongeza. Kipimo hiki ni cha taifa zima, wala hakimfungi mtu kisheria, ila huwapa wote wawili mahali pa kuanzia mazungumzo kuliko kuanza kwa hasira.

Reli inapokuja tena

Mwezi Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, yenye urefu wa kilomita 506. Ujenzi wa aina hii huleta kwanza mafundi na vibarua, ambao hutafuta vyumba vya muda mfupi. Baadaye, njia ikikamilika, huleta biashara, ambayo hutafuta maghala, maduka na makazi ya kudumu. Mahitaji hayo mawili si ya aina moja, na hayadumu kwa muda sawa.

Mwenye nyumba anayejenga kwa mkopo akitegemea kodi ya kipindi cha ujenzi na ajiulize nani atakaa humo mafundi wakiondoka. Mpangaji aliye karibu na stesheni au bandari na aandike mkataba wa muda unaojulikana kabla mahitaji hayajaongezeka. Mji huu ulishaona mwaka 1914 jinsi njia ya usafiri inavyoweza kuhamisha thamani kutoka Ujiji hadi Kigoma. Aliyekuwa na maandishi ya haki yake wakati wa mabadiliko kama hayo husimama mahali tofauti na aliyekuwa na ahadi ya mdomo.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara iliwahi kuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi ya Nyumba ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi ni makubaliano ya pande mbili, na uhusiano wao unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, pamoja na sheria ya mikataba. Kwa sababu hiyo, karatasi mliyoandikiana ina uzito mkubwa.

Mambo manne yafaa kujulikana. Kwanza, pale ambapo muda wa upangaji na taarifa ya kuuvunja havikutajwa, kipindi cha malipo ndicho kipimo: anayelipa kwa mwezi anastahili taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Pili, anayepangisha sehemu ya jengo anawajibika kutunza paa, kuta kuu na sehemu zinazotumiwa na wote, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Paa linalovuja masika si la mpangaji wa chumba kimoja.

Tatu, kodi ya majengo inayokatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU ni deni la mwenye nyumba. Tangu Julai 2023 kiwango kwa jengo la kawaida lisilo la ghorofa ni Sh. 1,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 18,000 kwa mwaka. Mpangaji anayenunua umeme humlipia mwenye nyumba, na wakubaliane kiasi hicho kipunguzwe katika kodi ya pango. Nne, mgogoro ukishindikana kumalizwa katika ofisi ya mtaa, Baraza la Kata hufanya usuluhishi ndani ya siku 30, na lisipofaulu shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Daftari la pango

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mpangaji na kila mwenye nyumba awe na daftari dogo lenye mambo haya: tarehe ya kuingia, kiasi cha kodi, miezi iliyolipwa na tarehe inayofuata, nambari ya risiti au ya muamala wa simu, masomo ya mita siku ya kuingia, kasoro zilizokuwepo tangu mwanzo, na kila fedha iliyokatwa kwa LUKU au matengenezo. Pande zote mbili zitie saini, na nakala moja ibaki kwa kila mmoja.

Daftari hilo lina faida nje ya ugomvi pia. Majirani kumi wakiketi na madaftari yao, watajua kodi ya katikati ya mtaa wao kwa uhakika kuliko dalali yeyote. Katika mkutano wa mtaa, hoja ya kuomba bomba la maji au mfereji wa mvua huwa na nguvu wananchi wakionyesha ni shilingi ngapi kila kaya inatumia kununua ndoo, au ni nyumba ngapi zilihamwa masika.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya malipo yako yajayo ya kodi, chukua karatasi na ujibu maswali matatu. Kodi, maji na nauli, vikijumlishwa kwa mwaka mzima, ni shilingi ngapi? Malipo yajayo yanaangukia mwezi gani, na je, mwezi huo kipato chako kipo? Kati ya yale mliyokubaliana na mwenye nyumba, ni yapi yameandikwa na ni yapi yamebaki mdomoni?

Jibu la swali la kwanza litakuonyesha kama uhame au ukae. La pili litakuonyesha lini uzungumze na mwenye nyumba. La tatu lifanyiwe kazi wiki hii hii, wakati hakuna ugomvi na kila mmoja bado anakumbuka vizuri alichoahidi.